Anko, hivi kuna muvi iliyowahi kukifikia kitabu chake?

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi msomaji wenu wa Pasua, Moshi. Juzi nilikuwa kwenye Kosta ya Arusha na binamu yangu, tumebishana toka Boma Ng'ombe mpaka Usa River hadi konda akasema tushuke tukamalizie chini. Yeye anadai muvi haiwezi kukifikia kitabu hata siku moja, kwa sababu masaa mawili hayabebi kurasa mia tatu, lazima vitu vikatwe. Mi nikasema inategemea, ila akinibana nieleze inategemea nini nakosa jibu. Tumewekeana chipsi kuku, nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Chipsi zako ila mwachie na yeye kidogo, maana hajakosea zote.

Alipochemka ni hapo kwenye masaa. Nyie si mnaamka mnauangalia mlima kila siku, haya chukua The Snows of Kilimanjaro ya Ernest Hemingway, ya mwaka 1936. Ni hadithi fupi tu, ukiianza stendi ya Moshi kabla hujafika Tengeru ushamaliza. Kuna mwandishi anaitwa Harry, kachomwa na mwiba porini akapuuzia kutia dawa, sasa mguu unaoza, kalala kambini anasubiri ndege huku anawaza yote aliyotaka kuyaandika akawa anasema kesho kesho. Ndege inakuja, wanapaa, na badala ya kwenda Arusha rubani anakata kushoto, mbele yao kilele cha Kilimanjaro cheupe pee juani, unashusha pumzi unasema afadhali kaokoka, kumbe hakuna cha ndege wala nini, ilikuwa ndoto, jamaa kafia kitandani na nje fisi analia. Utamu wote wa hadithi uko kwenye hiyo ndoto.

Hollywood wakaja kuitengenezea muvi 1952, Gregory Peck ndo Harry, na Ava Gardner yumo. Muda walikuwa nao wa kumwaga, karibu masaa mawili kwa hadithi ya kurasa chache, mpaka wakaanza kuongezea mapenzi ya kujazia. Halafu mwishoni wakamponya! Harry anapona kabisa na ndege ya kweli inafika. Mi nikabaki najiuliza sasa ile habari ya kifo tumeibeba yote ya nini? Hapo walipunjwa na nani nafasi? Mi naona waliogopa watu watatoka sinema wamenuna, basi.

Geuza sasa. The Godfather, kitabu cha Mario Puzo cha 1969 cha familia ya mafia, kina habari za mwanamke mmoja wa pembeni, Lucy Mancini, kurasa kwa kurasa, mpaka Las Vegas na daktari wake huko. Mwongozaji Coppola alipotoa muvi 1972 akazitupa, na skripti aliandika na Puzo mwenyewe, yani mwenye mali kakubali kukata mali yake. Kilichobaki ni baba na mwanae na familia. Mi nasimama na wanaosema muvi imekizidi kitabu, nitukaneni tu.

(Zile zilizotafsiriwa na maDJ kwenye vibanda umiza usiniulize, hizo ni kazi ya tatu kabisa, kuna siku zinachekesha kuliko muvi yenyewe.)

Ya kwetu ndo inanigawa. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kitabu 1999, muvi ya Amil Shivji 2021, ikaenda kuonyeshwa mara ya kwanza Toronto. Vile vichochoro vya Mji Mkongwe, kile Kiswahili kikitoka mdomoni mwa watu, karatasi haikupi hivyo. Lakini Yasmin wa kitabuni unamjua toka binti wa miaka 15 anaozwa kwa Bwana Raza mzee wa 52, hasira yake inaiva taratibu mbele yako na wewe unaiva naye. Muvi ya saa moja na nusu haina hiyo subira. Hapa binamu yako ana pointi, mpe paja la kuku.

Kwa hiyo akikubana tena inategemea nini, mwambie inategemea kama aliyekata alikuwa anajua moyo wa hadithi uko wapi. Yule wa Kilimanjaro hakukata kitu na bado akautoa moyo, wa Godfather kakata nusu na moyo ukabaki. Ila kwanza asome hiyo ya Hemingway, na chipsi mkalie nyumbani, huyo konda keshawachoka.