Re: Barua ya onyo, nisaini au nisisaini?
Habari mkuu, kwa hiyo umeletewa barua ya onyo kwamba "umekiuka maadili ya kazi", haisemi ulifanya nini wala lini, na bosi anataka usaini hapo hapo. Hizi nimezishughulikia sana upande wa wafanyakazi. Cha kwanza angalia kama imetaja tarehe ya tukio na kifungu cha kanuni ulichovunja, kama havipo hiyo barua ni nyepesi na wenyewe wanajua.

Usigome kusaini, watakugeuzia iwe kosa jingine, we saini ila juu ya sahihi andika kwa mkono "nimepokea, sikubaliani na yaliyomo" na tarehe, halafu piga picha kabla hujairudisha. Kesho yake peleka majibu ya maandishi, nusu ukurasa inatosha, waombe wataje kosa na ushahidi, na nakala yako wagonge muhuri wa kupokelewa (hapa ndo wengi wanateleza, wanaishia kulalamika kwa mdomo).

Mkataba namba 158 wa 1982 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) unataka mtu apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kufukuzwa kwa sababu ya mwenendo wake, cheki kama nchi yako imeuridhia. Na kama umeweka stetasi za mafumbo kuhusu bosi, zifute leo leo.