Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Zamani vya Kupunguza Kelele za Santuri

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata santuri iliyokwisha kutumika, yenye nembo ya dbx kwenye jalada. Kila nikiipiga, ala zote zinasikika kwa nguvu moja, sauti za juu zinachoma masikio, na muziki ukitulia kelele zinatanda. Je, santuri hii imeharibika?

JIBU: Santuri yako ni nzima, ndugu msomaji, kinachokosekana ni kisimbuzi chake, yaani kifaa cha kuirudisha sauti iliyobanwa katika hali yake. Mfumo huo ulibuniwa na Mmarekani David Blackmer, aliyeanzisha kampuni ya dbx mwaka 1971, na unafanya kazi katika hatua mbili ambazo haziwezi kutenganishwa. Kabla ya santuri kuchongwa, tofauti kati ya sauti kubwa na sauti ndogo hubanwa hadi nusu, na wakati wa kuipiga kisimbuzi huitanua tena mara mbili. Chukua mfano wa kifungu cha muziki kilicho chini ya kilele (sauti kubwa kuliko zote) kwa desibeli 60, desibeli zikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti, katika santuri ambayo kelele za uso wake ziko chini ya kilele kwa desibeli 55. Kwenye santuri ya kawaida kifungu hicho kingemezwa na kelele. Kikishabanwa, kinachongwa kwenye desibeli 30 chini ya kilele, yaani juu ya kelele kwa desibeli 25. Na kisimbuzi kinapokirudisha mahali pake kwenye 60, kelele nazo zinasukumwa chini kwa desibeli 30 nyingine na kufika 85. Ndiyo maana wanaoisikia santuri ya namna hii ikipigwa ipasavyo kwa mara ya kwanza hustaajabu: sindano inatua kwenye mfuo na hakuna kinachosikika mpaka muziki uanze.

Ukitafuta kisimbuzi, hakikisha kina mkao maalumu wa santuri, kwa sababu mfumo wa dbx uliotumika kwenye kanda za studio haulingani na huu. Kumbuka pia kwamba kifaa kinachotanua muziki hutanua na kasoro zote zilizoingia baada ya kuchonga: sindano iliyochakaa inayopunguza sauti za juu kwa desibeli 2 itakufanya uzikose kwa desibeli 4. Sindano na katriji (kichwa kinachoishika sindano) lazima ziwe katika hali njema kuliko kawaida. Na tafadhali usipitishe santuri isiyosimbwa, yaani ambayo sauti yake haikubanwa wakati wa kuchongwa, katika kisimbuzi hicho, kwani sauti ndogo zitazama kabisa.

Sharti hilo la kuwa na kisimbuzi ndilo lililoufanya mfumo huu, ambao kwa usikivu wangu ulikuwa bora kuliko wenzake wote, ubaki mikononi mwa wachache. Kampuni ya CBS ilijaribu kuliondoa sharti hilo mwaka 1981 kwa mfumo wa CX, uliokusudiwa kusikilizika hata bila kisimbuzi, lakini santuri zake hazikuenea. Ujerumani Mashariki nayo ilitoa santuri za mfumo wa UC katika miaka ya 1980. Wakati huo diski za kompakti zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni, tangu mwaka 1982, na hoja ya kununua kisimbuzi ikapungua nguvu.

SWALI: Ninatumia kifaa cha miaka ya 1970 cha kuondoa milio ya “tak, tak” inayotokana na mikwaruzo. Milio imepungua kweli, lakini tarumbeta zimekuwa butu. Nifanye nini?

JIBU: Umeweka usikivu wa kifaa juu mno. Vifaa hivi, kama vile SAE 5000 na Garrard MRM-101, havikuhitaji santuri kusimbwa, na kwa maoni yangu ndivyo vyenye manufaa zaidi kwa mwenye santuri nyingi za zamani. Kazi yao ni kutambua mlio unaopanda ghafla kuliko muziki unavyopanda. Vipo pia vinavyotumia ishara nyingine: mkwaruzo mara nyingi huisukuma sindano juu na chini badala ya kando kwa kando, hivyo chaneli ya kushoto na ya kulia hupata mawimbi yanayopingana, ilhali sehemu kubwa ya muziki, hasa sauti ya mwimbaji aliyewekwa katikati, iko sawa katika chaneli zote mbili. Muziki hucheleweshwa kwa muda mfupi sana ili kifaa kiwahi kuutambua mlio kabla haujapita, kisha kipande kile cha milisekunde chache hukatwa na pengo kuzibwa.

Tatizo ni kwamba tarumbeta inayopulizwa kwa ghafla, au kigongo kinachogonga ukingo wa ngoma, nayo hupanda kwa kasi, na kifaa huweza kuidhania kuwa mkwaruzo. Anza na usikivu wa chini kabisa, uupandishe polepole mpaka mikwaruzo mikubwa itoweke, kisha uishie hapo na uivumilie ile midogo. Ikiwa kifaa chako kina kitufe cha kusikiliza kile tu kinachoondolewa, kitumie: ukisikia mdundo wa muziki humo badala ya milio mitupu, umepita kiasi. Kiunganishe kabla ya kichujio chochote, kwani kichujio hulainisha makali ya mlio na kufanya usitambulike.

SWALI: Deki yangu ya kaseti ina kitufe cha Dolby. Je, kitasaidia santuri zangu?

JIBU: Hapana. Dolby B, mfumo wa kupunguza kelele za kaseti, huinua sauti ndogo za juu wakati wa kurekodi kanda na kuzishusha wakati wa kuipiga. Santuri yako haikuinuliwa hivyo, kwa hiyo utazipunguza bure. Santuri za kawaida zina kinga yao: kwa kanuni ya mwaka 1954 ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani, sauti za juu huchongwa zikiwa zimeinuliwa, karibu desibeli 14 kwenye hezi 10,000, na amplifaya huzishusha kwa kiasi hicho pamoja na kelele.

SWALI: Nina santuri za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika zenye mvumo usiokoma. Je, kuna dawa?

JIBU: Kabla ya kifaa chochote, zisafishe, tumia sindano pana ya takriban maikroni 75, na uweke amplifaya kwenye mono, yaani chaneli mbili zichanganywe kuwa moja, ili kelele za sindano kusukumwa juu na chini zijifute zenyewe. Baada ya hapo ndipo ufikirie kichujio kinachobadilika, wazo ambalo Hermon Hosmer Scott alilitekeleza katika miaka ya 1940: muziki ukiwa mkubwa hufunika kelele, hivyo kichujio hufunguka, ukipungua, nacho hujifunga. Kirekebishe kwa kusikiliza mwisho wa noti ndefu ya piano. Ukiusikia mvumo ukipanda na kushuka pamoja na noti hiyo, kichujio kinafunguka mno kwa muziki mdogo. Punguza usikivu wake mpaka upandaji huo utoweke, na kama noti yenyewe itaanza kufifia, rudi nyuma kidogo.