Kuchagua masomo ya IB kwa aliyezoea tahasusi

Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne Tanzania huwa tayari ana tahasusi yake kichwani, yaani herufi tatu za masomo matatu ya kidato cha tano na sita: PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), PCM, EGM au HGL. Akipata nafasi kwenye shule inayofundisha Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa miaka miwili kabla ya chuo kikuu) anapewa fomu yenye makundi sita, na kosa la kwanza hufanyika hapohapo. Anachagua matatu ya tahasusi yake kwa makini, mengine matatu anayajaza ilimradi fomu iishe. Hayo matatu ya "ilimradi" ni nusu ya alama zake za masomo.

Uisome fomu hivi. Kundi la kwanza ni lugha na fasihi, la pili lugha ya kujifunza, la tatu masomo ya jamii kama historia, uchumi na jiografia, la nne sayansi, la tano hisabati, la sita sanaa. Unachukua somo moja kila kundi. La sita unaweza kuliacha na badala yake ukachukua somo jingine kutoka makundi mengine, na hapo ndipo anayetaka sayansi mbili anapoipata ya pili. Matatu unayasoma ngazi ya juu (HL), takriban saa 240 za darasani kwa miaka miwili, na matatu ngazi ya kawaida (SL), saa 150.

Kila somo lina alama 7, jumla 42. Alama 3 za mwisho zinatokana na Nadharia ya Maarifa (TOK) na insha ndefu ya maneno yasiyozidi 4,000, hivyo kilele ni 45. Elewa vizuri hapa: 7 ya SL ina uzito uleule wa 7 ya HL katika jumla hiyo. Kusoma somo gumu kwa HL hakukupi alama ya zawadi. Diploma inaanzia 24, lakini 24 peke yake haitoshi: ndani yake lazima uwe na angalau 12 kutoka masomo yako matatu ya HL na 9 kutoka ya SL, usiwe na 1 popote, na ukipata E kwenye TOK au insha ndefu diploma imekwenda. Mwanafunzi mwenye alama 27 anaweza kuikosa kwa sababu HL zake zilikuwa 3, 4 na 4.

Kwa hiyo anza na chuo, urudi nyuma. Andika kozi mbili au tatu unazozifikiria na nchi unazozifikiria, kisha fungua ukurasa wa sifa za kujiunga wa kila chuo na unakili masomo na ngazi wanazotaka. Usimwamini mtu anayekuambia "udaktari ni Kemia na Biolojia" bila kutaja nchi. Uingereza hilo kwa kawaida linatosha: Kemia HL, mara nyingi na Biolojia HL. Tanzania hapana. Vyuo vyetu vinaangalia PCB, maana yake Fizikia nayo inahitajika, wakati diploma ya kawaida ya IB inakupa sayansi mbili tu. Ya tatu inawezekana kwa kibali maalumu, ambacho mratibu wa IB wa shule ndiye anayekiomba, akiambatisha uthibitisho wa sifa zinazodaiwa na chuo. Jambo hilo huanza kabla masomo hayajaanza, au wiki za mwanzo kabisa. Mwaka wa pili limeshapita. Tena NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, italazimika kukitolea cheti chako ulinganifu kabla hujaomba chuo nchini, kwa hiyo mzazi asisubiri matokeo ndipo aulize utaratibu.

Ujerumani nayo ina masharti yake. Wanataka sayansi halisi, yaani Biolojia, Kemia au Fizikia. Somo la Mazingira, ambalo IB inalihesabu kama sayansi, halitoshi kwao. Aidha hiyo sayansi au Hisabati lazima iwe HL.

Hisabati ndiyo inayowaponza wengi kuliko somo jingine lolote. Tangu 2019 kuna kozi mbili, AA (Analysis and Approaches) na AI (Applications and Interpretation), na kila moja ina HL na SL. AA imejaa aljebra, uthibitisho na kalkulasi, na karatasi yake ya kwanza inafanywa bila kikokotoo. AI inaegemea takwimu na kuunda modeli za hali halisi, kikokotoo cha grafu kinaruhusiwa karatasi zote. Mtu anaona kikokotoo, anaona AI SL, anapumua. Miezi minane baadaye anataka uhandisi au uchumi, anakuta chuo kinadai AA HL, na njia ya kurudi haipo kwa sababu darasa la AA limeshamaliza mada ambazo yeye hajazigusa. Kwa uchumi Uingereza, vyuo vikali vinajali Hisabati HL kuliko Uchumi HL. Kama hujui utasomea nini, AA SL ni mahali salama pa kusimama. Kama unajua ni sheria, saikolojia au jiografia, AI inafaa na hakuna aibu yoyote. Takwimu zake utazitumia chuoni.

Lugha. Anayeongea Kiswahili nyumbani asikimbilie Kiswahili cha waanzao apate 7 ya bure. Kozi hiyo, ambayo ni SL peke yake, ni ya wasioijua lugha, na shule inawajibika kukuweka ngazi inayokustahili. Chukua Kiswahili A, yaani fasihi ya kundi la kwanza, pamoja na Kiingereza A. Ukipata angalau 3 katika zote mbili unatunukiwa diploma ya lugha mbili, na hulazimiki kuchukua lugha ya kundi la pili. Shule ikiwa haina mwalimu wa Kiswahili, kuna njia ya kujisomea chini ya usimamizi wa shule, SL tu, kazi tisa za fasihi. Njia hii ni nzuri hasa kwa vijana wetu walioko Ulaya na Ghuba, ila inadai mtu wa kusoma rasimu zako kila baada ya wiki mbili. Kusema Kiswahili sanifu mezani hakumaanishi unaweza kuandika uchambuzi wa ushairi kwa kurasa nne. Jipime: andika moja kabla hujasaini fomu.

HL nne? Karibu kila mara hazihitajiki. Sababu pekee ya maana ni kuanza na nne kwa makusudi ili ushushe moja kuwa SL mwisho wa muhula wa kwanza, shule ikiruhusu. Kushuka ni rahisi, kupanda ni mlima, kwa sababu mada za SL mara nyingi zimo ndani ya HL. Ukisitasita kati ya ngazi mbili, anzia juu.

Zingatia pia kazi za ndani, yaani zile za kila somo unazofanya shuleni nje ya mtihani wa mwisho. Biolojia, Kemia na Fizikia kila moja ina uchunguzi wake binafsi wenye asilimia 20 ya alama, hisabati vilevile, na jiografia inadai kutoka nje kukusanya data. Rasimu hizi hugongana na insha ndefu na insha ya TOK mwanzoni mwa mwaka wa pili, muda uleule ambao maombi ya udaktari Uingereza, na ya Oxford na Cambridge, yanafungwa, tarehe 15 Oktoba. Kabla ya kukubali mchanganyiko wako, mwombe mratibu kalenda ya rasimu ya mwaka wa pili. Ukiona kazi tatu zimeangukia Septemba, badilisha somo moja sasa.