Lenzi za macho: maji, usingizi na harusi

*Naoga nikiwa na lenzi, ila nafumba macho. Kuna ubaya?*

Upo. Maji ya bomba, ya kisima, hata ya bwawa la kuogelea, huwa na kiumbe wa chembe moja aitwaye akantamiba. Akibanwa hujifungia ndani ya ganda la kuta mbili, klorini isimfanye kitu. Lenzi humpa kibaraza cha kukaa juu ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Konea ikiwa na mkwaruzo, anaingia. Watafiti wa hospitali ya macho ya Moorfields, London, waliwalinganisha wagonjwa 83 wa amiba huyu na wavaaji lenzi 122 wenye matatizo mengine ya macho. Matokeo ya 2022: kuoga na lenzi kuliongeza hatari zaidi ya mara tatu, na wanaovaa lenzi za kurudia walikuwa hatarini karibu mara nne kuliko wa zile za kutupa kila siku. Ugonjwa wenyewe ni adimu, lakini tiba yake huanza kwa matone kila saa, usiku na mchana, kisha huendelea kwa miezi. Na kusema kweli, nani hufumba macho barabara huku akipapasa sabuni?

*Kulala nazo usiku mmoja tu?*

Utafiti wa Marekani wa 1989 ulikuta hivi: katika kila wavaaji 10,000 wa lenzi laini, waliozivua usiku walipata vidonda vya konea kama 4 kwa mwaka, waliolala nazo, kama 21. Zikaja lenzi zinazopitisha oksijeni zaidi, tukashangilia. Utafiti wa Australia wa 2008 ukakuta hatari ya kulala nazo iko palepale.

*Dawa ya kusafishia lenzi ikibaki kidogo, naongezea mpya juu yake?*

Mwaga yote, kikasha kikauke. Mlipuko wa fangasi wa macho wa 2006 uliwapata wagonjwa 164 waliothibitishwa Marekani, na kuongezea dawa juu ya kuukuu kulitajwa miongoni mwa mazoea yaliyochangia.

*Mpambaji wangu anakodisha lenzi za rangi za harusi.*

Mwenzangu, mswaki wake ungeukodi?

*Nitajuaje nimeambukizwa?*

Maumivu makali kuliko wekundu unaoonekana, mwanga kuchoma, ukungu. Vua lenzi, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, na ubebe lenzi pamoja na kikasha chake. Maabara inaweza kuvipima.