Jogoo wa nini kama unataka mayai tu?

Umeuliza kama kuku wako wa miezi mitatu watahitaji jogoo ndipo watage. Hapana, si lazima ununue jogoo. Kuku hutaga bila yeye. Jogoo ni wa mayai ya kuangua vifaranga. Mimi nina kuku sita nyuma ya nyumba hapa Kayole, jogoo hakuna, na leo asubuhi nimeokota mayai matano, moja bado lina joto. Angalia chakula na maji kwanza: kuku mmoja wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, na maji yakikauka hata mchana mmoja mayai hupungua. Ila hao wako wa miezi mitatu usiwape chakula cha kutagia sasa, kalsiamu yake nyingi huharibu figo. Ngoja wafike karibu wiki 18.