Kondoa ulienda, Mpwapwa unagoma

"Shangazi, nina miaka 34, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Miaka mitatu sasa siamini tena Mungu. Mke wangu Mwanglikana, Krismasi anataka twende kwao Mpwapwa, mwaka huu nimekataa na nguo za sikukuu za watoto nimekataa kununua, sitaki unafiki. Amenuna. Mbona Idd nilialikwa Kondoa na rafiki yangu nikaenda vizuri tu? Mwaka jana mama mkwe alinisema mbele za watu kisa sikwenda ibadani. Nifanyeje mke aheshimu msimamo wangu?"

Pole kwa kusemwa mbele za watu, mama mkwe alikosea.

Sasa nisikilize baba. Kondoa ulikaa mkekani ukala pilau ya Idd, dua ikasomwa na we upo, unafiki hukuuona. Umeuona Mpwapwa tu. Basi hapo hamna habari ya Mungu mwanangu, una kinyongo na mama mkwe umekipa jina la msimamo.

Kutoamini ni haki yako, Katiba ibara ya 19 ipo na sikubishii. Lakini barua nimeisoma mara mbili natafuta mahali mkeo amekulazimisha kupiga magoti, sijapaona, yeye kasema twende kwetu basi. Aliolewa na wewe ukiwa unaamini, we ndo umebadilika, miaka mitatu kakuvumilia halafu unauliza heshima? Niko upande wake.

Na watoto wamekukosea nini? Tarehe 25 wenzao mtaa mzima wamependeza, wako wamekaa mlangoni na nguo za shule, umemkomoa nani hapo? Ndo ndoa za siku hizi hizi, mtu akipata wazo jipya anataka nyumba nzima ihame naye usiku huohuo, asiyehama anaambiwa hana heshima. Mpwapwa wamisionari wa Kianglikana walifika tangu miaka ya 1870, kwa yule mama Krismasi ni babu zake, ni watoto kurudi nyumbani kabla shamba halijawabana, huwezi kumng'oa hapo kwa kununa.

Nenda. Wakienda ibadani we baki uchinje mbuzi, uchote maji, wakirudi wakute moto unawaka. Wakiombea chakula nyamaza tu, amina sio lazima utoe. Ila kabla hamjaondoka mwambie mkeo wazi kwamba mwaka jana uliumia, aongee na mama yake yeye mwenyewe mapema. Tiketi kata sasa hivi maana wiki ya Krismasi mabasi yanajaa, na leo jioni muulize mama watoto saizi za viatu.