Watoto wameambiwa mama yao kenda harusini

SUALI: Assalaam aleikum, Bi Muuguzi. Mke wangu yuko Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, anatibiwa kwa mionzi, ana saratani ya shingo ya kizazi. Mimi niko Wete, Pemba, na watoto wetu wa miaka 11, 7 na 4. Mama yangu aliwaambia kuwa mama yao kenda harusini. Sasa ni wiki ya tatu. Wa miaka 7 ameanza kukojoa kitandani, na mkubwa, msichana, haendi tena skuli, anapika na kufua. Niwaambie nini?

Baba, Wete

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Pole sana.

Nilikuwa na miaka 8, Chake Chake, mama yangu alipopelekwa Unguja kutibiwa. Tukaambiwa kenda kumkagua shangazi. Siku mbili kabla nilikuwa nimevunja mtungi wake wa maji. Miezi miwili nililala nikiamini kanikimbia kwa sababu ya ule mtungi. Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo huyo wa miaka 7 usimchape wala usimtie haya mbele ya wenziwe. Baada ya magharibi kaa nao, na maradhi uyataje kwa jina: mama ana saratani, si kwa kosa la mtoto yeyote, na haiambukizi kwa kukumbatiana wala kula sahani moja. Waeleze kuwa analazwa kwenye mashine dakika chache, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mionzi ya mashine hiyo haibaki mwilini, basi akirudi watamkumbatia, ila atakuwa kachoka. Wa miaka 4 atauliza tena kesho na keshokutwa. Mjibu vilevile.

Mkubwa atakuuliza, "Mama atakufa?" Usimwapie kuwa hatakufa. Usimnyamazishe pia kwa kumwambia "muombe Mungu tu". Dua mtaomba pamoja, lakini mjibu kwanza: "Sijui, mwanangu. Madaktari wanamtibu. Nikiambiwa jambo, utalisikia kwangu, hutalisikia kwa jirani." Kisha uitimize ahadi hiyo, hata habari ikiwa nzito.

Huyo msichana ndiye anayeniuma zaidi. Arudi skuli Jumatatu hii, na uende naye mwenyewe ukamweleze mwalimu wake. Majirani wanaokwambia "ukiwa na haja twambie" wana nia njema, ila hawajui washike wapi. Wape kazi inayojulikana: mmoja ampeleke mdogo chuoni kusoma Kurani, mwengine alete mchuzi Jumanne na Alkhamisi, nguo za shule afue shangazi yao. Msichana abaki na kazi moja aliyoichagua mwenyewe. Ukimnyang'anya zote atahisi kuwa alikuwa anakosea, na yeye alikuwa anakubebeeni nyote.

Mama yako usimlaumu, alisema vile kwa mapenzi. Mwambie kabla, na awepo mnapozungumza, ili watoto wasisikie maneno mawili.

Jumamosi, siku isiyo na mionzi, mpigie mke wako. Mwambie kwanza kuwa watoto wanajua, asijilazimishe kusimulia harusi. Halafu mpe simu huyo wa miaka 7 peke yake, nawe utoke ukakae barazani.